Kikohozi cha Akiru

Lodwar, Jumamosi usiku

Kumbe huko Oslo wanakohoa wote.

Binti yetu Akiru aliandika kutoka huko kwamba atakwenda ukumbini kusikiliza okestra; itapiga muziki wa Marekani kwanza, halafu wa nchi zile za baridi, na redio itarusha yote. "Hapo katikati nitakohoa mara tatu, mama. Mkisikia, mjue ni mimi." Tangu barua hiyo, kimya. Miezi sasa.

Betri nilizianika juu ya bati tangu asubuhi. Tarumbeta za Wamarekani zikavuma, sikuelewa kitu, nikavumilia tu. Zilipokoma, ukumbi mzima ukaanza kukohoa! Wazee, wanawake, mafua matupu. Nilibana sikio kwenye redio mpaka likauma. Kifua kile nilikikanda kwa mafuta ya kondoo utoto wake wote, na leo nimeshindwa kukitambua kati ya vifua vya watu.

Baba Akiru siku hizi hasikii vizuri. Akanishika mkono.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia. Mara tatu."

"Ejok, ejok, ni vyema," akasema, akaenda kulala. Sasa anakoroma. Kwa miezi hii ya kukesha kwake nilikuwa nimesahau kwamba hukoroma.

Na mimi je, nani ataniambia kwamba amemsikia?