Sauti ya Mama Ndani ya Diski

Swahiba, sina nenosiri, sina nakala nyingine, na tangu mchana huu sina jino la mbele.

Mdogo wangu kanipiga. Kanipiga ngumi ya mdomo, sebuleni kwangu.

Alikuja kusikiliza sauti ya mama niliyoirekodi kabla hajafariki, iliyomo kwenye diski ya kompyuta yangu ya mkononi. Unanijua, kila nikijifunza neno jipya shule ya usiku nalifanya nenosiri jipya, na la mwisho nimelisahau. Nikajaribu yote, diski ikagoma. Fundi alishasema hata ikihamishiwa kompyuta nyingine haifunguki bila nenosiri.

Mdogo wangu akasema, "Kaka, umemfungia mama humo awe wako peke yako."

Nikamjibu, "Wewe uliyeishia darasa la nne utajua nini?"

Hapo ngumi ikatua. Nami nikambamiza kompyuta kichwani. Swahiba, nimempiga ndugu yangu kwa kitu kilichobeba sauti ya mama.

Damu ikachuruzika hadi kwenye vibonye. Akasema taratibu, "Nilitaka kumsikia akiniita tu."

Akaondoka.

Diski imepona. Nimeichomoa kwenye kompyuta, nikaitia kwenye bahasha na barua: "Nenosiri sijalikumbuka, mdogo wangu. Ila mama akae kwako." Nimeigundisha bahasha, na mwenye pikipiki ameondoka nayo sasa hivi.