Slipu ya Baba ya Mwaka 86

Helena, niko kwa mama hapa Nyasho, nakwambia siamini!

Tumefungua sanduku la marehemu baba, tukakuta slipu yake ya mshahara ya mwaka 86. Mshahara 2,400. Kodi 260. Alizopokea mkononi 2,140.

Mama akasema, "Rudia." Nikarudia. "Hebu rudia tena."

Mzee alikuwaga anamletea mia tisa, anaapa kabisa kwamba zingine zote zimekatwa kodi! Mama akauza cherehani yake tupate unga. Cherehani yake, Helena! Miaka yote anailaani serikali, kumbe mwizi alikuwaga analala naye kitanda kimoja.

Mama akaiweka slipu mapajani. Halafu akasema polepole, "Na juzi pale kaburini nimemlilia mpaka sauti imekauka."