Dola za Mguu wa Neema

Jumanne, mwezi wa saba, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Baridi na upepo tangu alfajiri. Vumbi limefika hadi kitandani. Naandika kwa sababu mke wangu nimemwambia nusu tu.

Kwa asiyenijua: mimi ni mkimbizi kutoka Bukavu, Kongo. Natafsiri nyaraka za Kifaransa kwa wateja wa mbali, nao hunilipa kwenye akaunti ya mtandaoni, huyu kwa yuro, yule kwa dola. Kwacha, pesa ya hapa, iliposhuka thamani, majirani waliokuwa na akiba walilia, nami nikajisifu kimoyomoyo. Sisi wa Bukavu tunaiamini dola karibu kama Injili. Hata yuro zangu nilizigeuza dola, nikaziacha humo zilale.

Ndipo Mama Neema, fundi cherehani kutoka Uvira tunayeimba naye kwaya, akaniletea kwacha alizozikusanya miaka miwili. Mguu wa binti yake ulivunjika ukaunga vibaya, na upasuaji ni wa kulipia, Lilongwe.

"Papa Gloria, unichungie hizi mu dola," aliniambia. "Kwacha iko naoza mu mikono."

Kwacha zake nikazitumia nyumbani, nikamtengea dola za kiasi hicho kwenye akaunti yangu. Nilijiona mjanja kweli.

Wiki iliyopita nilitaka kuzitoa. Akaunti ikakataa: mpaka nionyeshe pasipoti. Kitambulisho cha mkimbizi hawakitambui.

Leo nimezunguka City Centre, Lilongwe, kutwa, benki hadi benki, nikitafuta njia nyingine. Karani wa mwisho alinitazama kwa huruma. "Pepani, bambo," akasema, yaani samahani bwana, akaita mteja mwingine.

Pasipoti naweza kuiomba kwa nchi niliyoikimbia. Lakini nikiiomba, ni kama nimetamka kwamba Kongo inanilinda, na ukimbizi wangu, wa mke wangu na wa watoto, unaweza kuishia hapohapo. Nimeliwaza hilo mpaka kichwa kimeuma.

Sasa niungame.

Kabla ya kurudi kambini niliingia kwenye kibanda cha intaneti. Salio lilikuwepo, lote. Kutoa hakuwezekani, ila kubadilisha kunawezekana. Nikabadili dola kuwa yuro. Nikazirudisha dola. Nikarudia. Kila mara wanakata kidogo, nilijua, na bado nilifanya mara nne. Nilitaka tu kuona kitu kimoja kikinitii.

Nilichezea mguu wa mtoto.

Niliposhuka hapa Dzaleka, Mama Neema alikuwa akinisubiri barabarani, shali kichwani, anatabasamu.

"Munganga anasema Ijumaa tukuye na feza yote," akasema, maana yake daktari wa Lilongwe. "We njo banki yetu, Papa Gloria. Mungu akubariki."

Nikajibu amina, kama mtu mwenye pesa.

Nina aibu. Nimemwomba Mungu anipe maneno ya kumwambia Mama Neema. Kukopa? Nani hapa kambini ana kiasi hicho? Kila ninayemfikiria anadaiwa kuliko mimi.

Kesho asubuhi, kabla hajaketi kwenye cherehani, nitakwenda kumwambia ukweli wote, pamoja na zile mara nne. Nimeandika hapa ili nisipate pa kukwepea. Atalia, au atanitukana, nami sitaondoka.

Halafu yeye atarudi ndani. Atamwambia nini Neema?