Nusu Dakika Bila Kutikisika

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo! Mgongo haujakusumbua tena? Na kikohozi? Kama bado, lifunge hilo dirisha la nyuma mwenyewe, usinisubiri mimi. Huku mimi ni mzima kabisa, ila nina matope mpaka masikioni.

Sasa sikia. Mapango! Dada, mapango! Wenzangu wa safari walipiga picha mbili mlangoni, wakarudi garini kulalamikia viatu. Mimi nikamng'ang'ania mama anayetembeza wageni, wanamwita Mama Tochi, mpaka akakubali kunishusha chini kabisa. Kule mawe yananing'inia juu kama mishumaa iliyoyeyuka, na giza lake, ukiinua mkono wako huuoni.

Kupiga picha humo si mchezo. Unaiweka kamera kwenye stendi, unaacha jicho lake wazi nusu dakika nzima, halafu mtu anapitisha tochi ukutani taratibu, kama anayepaka rangi. Anayepigwa anatakiwa asimame tuli. Akitikisika, kwenye picha anatoka kama moshi. Basi picha zangu zote mimi ni moshi! Mama Tochi alicheka mpaka akakaa chini, akaniuliza kama nimekalia siafu. Nikamwambia hata dada yangu akinipima gauni lazima anichome pini.

Jana akasema anatafuta mtu wa kuwapiga picha wageni na kumsaidia kuwatembeza. Nikaruka! Akasema huko kuruka ndiko anakokuogopa, maana humo tochi ikizima, asiyejua kutulia anatumbukia shimoni. Nikitoka picha moja tu bila kuwa moshi, kazi ni yangu.

Nikasimama. Pua ikaniwasha. Tone la maji likaniangukia kisogoni, likateremka mgongoni polepole, la baridi hilo! Nikakumbuka uso wako ule wa pini mdomoni, nikakaza.

Dada, nilikuahidi Jumatatu nitakuwa dukani kwako nikishona. Sirudi. Kazi nimepata, na sijawahi kutaka kazi hivi. Najua umeniwekea ile cherehani ya dirishani. Mpe binti wa jirani, yule anayejua kukaa. Usinune sana. Mwisho wa mwezi nakuja unigombeze ana kwa ana.

Nisalimie shemeji na watoto. Yule mdogo mwambie nimemwekea jiwe.

Picha nimeisafisha, imo humu kwenye bahasha. Huyo aliyenyooka kama mlingoti ni mimi. Vua futi shingoni unipime hapohapo, kabla sijatikisika.

Mdogo wako,
Kiguu na Njia