Siku Uliyoacha Kusikia Harufu ya Omena

Mdogo wangu Atieno,

Niko hapa Kisumu Ndogo, Kibera, kwa meza yangu ya kuuzia omena, hawa dagaa wetu wa ziwani. Wateja ni wachache, mvua imeharibu njia, na nimeamua leo nikuandikie. Kwa simu huwa tunasalimiana tu. "Sasa." "Poa." "Watu wa huko?" "Wako salama." Halafu unasema madam wako wa Saudia anakuita, na mimi nasema haya. Miaka inaenda hivyo, kama majirani waliogombania kamba ya kuanika nguo.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikutembelea Kawangware ukiwa na ile mimba? Nilitoka Kibera kwa miguu, na kabla sijafika mlangoni unapiga kelele: "Simama hapo hapo! Harufu imefika kabla yako!" Aki ulinitesa. Mimi, kifungua mimba wa mama yetu, nilikuwa navua nguo bafuni mwa ploti, najisugua na ndimu, nafunga leso yako, ndipo naruhusiwa kuingia. Na bado unaziba pua. Nikakuambia huyo mtoto ana maringo kuliko mwenye ploti, ukacheka mpaka ukashika tumbo. Siku hizo mumeo alikuwa amekwama nyumbani kwao, Nairobi imefungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Ulikuwa na mimi tu.

Halafu ikaja ile Jumapili maji yalipokosekana kwa ploti. Nikasimama nje nikingoja kufukuzwa. Ukatoka, ukanikaribia, ukaninusa shingo kama mbwa wa polisi. "Leo hunuki," ukasema. "Hebu lete huo mfuko." Ukaingiza uso wote ndani ya mfuko wa omena. Hakuna kitu! Wee, tulivyoshangilia! Nilipiga kigelegele mpaka jirani yako akachungulia dirishani. Tukasema kichefuchefu kimeisha, sasa utakula, mtoto atanenepa. Nikakukaangia omena na nyanya na vitunguu, ukala ukilalamika kwamba sijatia chumvi. Ukaongeza chumvi, ukaongeza tena. Nikakuambia mimba imekuharibu ulimi.

Hiyo ndiyo siku ninayoirudia kichwani. Redio zilikuwa zinaimba homa na kikohozi kutwa kucha, na sisi tulikuwa tunangoja hivyo viwili. Nani angetuambia kwamba corona inaweza kuanza kwa kumwondolea mtu harufu na ladha? Hukuwa na homa hata kidogo. Tulisherehekea ugonjwa, Atieno, tukaupigia na vigelegele, na ndio maana mpaka leo nikisikia mtu anapiga kigelegele naziba masikio.

Ulipoanza kuhema ukibeba ndoo, jirani akasema mtoto amepanda juu, amekukalia kifua. Nami nikaitikia. Nimezaa wawili, najidai najua. Mtoto alipopunguza kucheza, nikasema amelala, amerithi uvivu wa baba yake. Kliniki ulikuwa umeacha kwenda na sikukusukuma, kwa sababu mtaani tuliogopa karantini kuliko tulivyoogopa ugonjwa wenyewe. Watu walisema ukikohoa tu unabebwa. Natamani ningekuburuta kwa nywele. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki, lakini mimi bado nimeinama nayazoa.

Tulipofika hospitali pumzi zako zilikuwa fupi, hukuweza hata kutaja jina lako, nikalitaja mimi. Wakakupima, wakakuwekea oksijeni, na mkunga akautafuta moyo wa mtoto kwa muda mrefu. Hakuupata. Baadaye akanieleza kwenye korido. Corona wakati mwingine hufika mpaka kwenye kondo la nyuma, likaharibika, mtoto akakosa hewa na chakula. Wengine huzaliwa kabla ya wakati, wadogo kabisa. Wengine huwa kama wetu. "Lakini wengi huzaa salama, mama," akasema. "Msijilaumu." Nilitaka kumrushia kiatu. Kwa nini sisi hatukuwa miongoni mwa hao wengi?

Ulipotoka hospitali uliniuliza kitu kimoja tu: "Ni wewe uliniletea kutoka soko?" Na mimi na huu mdomo wangu nikakujibu, "Na wale wateja uliokuwa ukiwasuka saluni, pale kwenu Satellite, je?" Pole, nyamera, ndugu yangu. Sijui nani alimletea nani. Labda ni mimi. Ningekujibu hivyo siku hiyo, labda hungeenda mbali hivi. Chanjo zilipokuja na wajawazito wakaanza kuchanjwa pia, niliwaona wamepanga foleni pale zahanati, nikalia barabarani mpaka mama mmoja akanishika mkono akidhani naogopa sindano.

Lakini hayo siyo yaliyonikalisha hapa niandike. Hujawahi kuniuliza mtoto alikuwaje. Ulijifungua ukiwa huijui dunia, na ulipopata nafuu alikuwa ameshazikwa. Mama alinionya nisikuguse kidonda, kwamba mtoto kama huyo hasemwi. Nikanyamaza, nikadhani ndiyo hekima. Kumbe katika ukoo wetu wote mimi peke yangu ndiye nimemwona, na nikifa amepotea kabisa.

Basi nakuambia. Alikuwa msichana. Mkunga alinivalisha gauni na barakoa mbili, akaniruhusu nimbebe. Alikuwa na nywele nyingi, nyeusi, zimeshuka mpaka masikioni. Wewe msusi ungeanza kuzigawa siku hiyo hiyo. Kidole cha pili cha mguu kirefu kuliko kidole gumba, kama chako. Paji la uso ni la baba yake, hapo sina la kukusaidia. Nilimwambia mama yake ni Atieno, yuko chumba cha pili, anaumwa, si kwamba amekataa kuja. Nilimwimbia ule wimbo mama alituimbia tukilia. Mkunga aliposema inatosha, nilimwambia bado.

Mwanamke akizaa, watu huja na uji na sabuni, wanamfunua mtoto na kusema ni mzuri, hata akiwa na kichwa kama kiazi. Kwako hawakuja. Walikuja na "Mungu atakupa mwingine." Lile neno la wageni wa uji, lililokuwa haki yako, nilikuwa nalo mimi miaka hii yote, na sikukupa.

Kaa salama huko, na ule vizuri. Ukitaka kusikia zaidi habari zake niulize, hata mara mia, sitachoka.

Atieno, mtoto wako alikuwa mzuri. Mzuri sana.

Ni mimi dada yako,
mama yake mkubwa.