Goti la Bibi Harusi

Jumatatu, 9 Septemba 2024
Amekuja kuniposa! Hamood mwenyewe, na kaka zake, sebuleni kwangu hapa mtaani Asiatique. Nikah ni Ijumaa. Mi, Miza, mjane, mwenye wajukuu — bibi harusi! Nilicheka mpaka Laila binti yangu akaniambia nitulie, wageni wanasikia. Wasikie!

Jumanne, 10 Septemba
Nimejaribu kucheza mbele ya kioo. Goti likakataa katikati ya wimbo. Jirani yangu Dative kanipa ibuprofene zake za maumivu: meza asubuhi na jioni, Ijumaa utaruka kama mutoto. Nimemeza pamoja na ile yangu ya kuzuia damu kuganda, naimeza tangu mguu uliponivimba mwaka jana. Zote ni dawa, si ndiyo?

Jumatano, 11 Septemba
Goti limenyamaza! Nimecheza sebule nzima. Hamood kapiga simu kuuliza napenda wali gani. Wowote, mradi we uko mezani! — eh, Miza, aibu! Nilipopiga mswaki, mate mekundu. Labda nimesugua kwa furaha.

Alhamisi, 12 Septemba
Hina imetoka nzuri mno. Lakini Laila kaona madoa ya zambarau juu ya mkono. Nani kakupiga, mama? Hakuna mutu. Nikamwambia pia choo: cheusi kama lami tangu alfajiri. Akaona boksi la ibuprofene. Akapiga kelele kwa Kifaransa — akikasirika Kiswahili humpotea.

Sasa niko hospitali. Dokta Benite, kijana, mpole:
“Mama, ile dawa yako inazuia damu isigande. Hii ya goti inachubua tumbo. Ukizichanganya, unavuja ndani. Ukiumwa, uniulize kwanza.”
“Kesho naolewa.”
“Kesho uko hapa.”

Ijumaa, 13 Septemba
Dripu ya seromu mkononi, juu ya hina! Kichwa chepesi. Choo bado cheusi. Nimeogopa kidogo — kidogo tu. Nikampigia Hamood: tuahirishe.
“Apana, Bi Miza. Nikah ya msikitini bila wewe sitaki. Sheikh yuko tayari ndani ya gari.”

Wamefika! Sheikh anabishana na muuguzi mlangoni: wageni wawili tu. Dative analia, kaleta sambusa nisizoruhusiwa hata kuonja. Nacheka, tumbo linauma. Dokta Benite kaingia na majibu ya damu. Hatabasamu. Kamwita Laila nje; nimesikia tu “damu imepungua sana.”

Hamood kashika mkono wangu wa kushoto. Bado haramu, nikah haijafungwa! nimemnong'oneza. Hajauachia —