Petroli ya Mayala

Bariadi,
6 Aprili 1982

Mwanangu Salimu,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tabora, wewe na mafundi wenzako. Sisi tunapumua, alhamdulillahi, ila uchovu umetukalia. Mama yako anakusalimu sana. Dukani rafu zimebaki na viberiti na buibui. Nafungua asubuhi kwa mazoea tu.

Shida yangu ni Kenge, lile gari jekundu la milango miwili aliloniachia muuza vitambaa alipohama. Watu wananicheka, gari la mashindano katika mji usio na lami! Lakini leo ndilo gari pekee mtaani lenye matairi manne mazima. Na dada yako Asumini ni mjamzito tena. Mtoto wa kwanza tulimzika, na yeye mwenyewe alipona kwa kisu cha daktari. Safari hii wamesema mwezi wa Julai lazima awe Mwanza kabla uchungu haujaanza. Basi halifanyi kazi, gari la hospitali liko juu ya mawe. Amebaki Kenge.

Petroli analeta mkwe wetu Mayala. Alitoa mtamba wake kwa wavuvi wa Kalemela, wale wenye mashine za mitumbwi, nao wanampa debe moja moja. Sasa Kenge akipanda kile kilima cha Dutwa anakohoa, anashtuka, anapiga baruti kwenye bomba la moshi mpaka ng'ombe wanakata kamba. Tambarare anatulia. Niambie la kufanya, mwanangu, maana mimi najua kuendesha tu.

Baba yako,
Athumani

*

Tabora,
22 Aprili 1982

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, hofu ni kwenu, hasa kwa dada. Mama mpe shikamoo yangu.

Kukohoa huko kunatokana na moto wa plagi au na mafuta. Anza na moto. Fungua plagi, zisugue kwa msasa mpaka zing'ae. Kisha platinamu, vile vidomo viwili vinavyokata umeme wa plagi: uwazi wake uwe kama unene wa kadi ya chama, usizidi. Ukimaliza hapo, angalia mafuta. Hii ni masika, na debe likikaa nje maji hayakosi kuingia. Liache litulie, usimimine ya chini, na uichuje petroli kabla ya kuitia tangini.

Usiwe na haraka, baba. Gari halipendi mtu mwenye hasira.

Mwanao,
Salimu

*

Bariadi,
11 Mei 1982

Mwanangu Salimu,

Salamu nyingi. Afya zetu ni hivyo hivyo. Asumini miguu imevimba.

Yote uliyosema nimefanya. Plagi zinang'aa, platinamu nimeipima kwa kadi yangu mwenyewe. Petroli naichuja kila tone. Na gari limezidi kuwa bovu! Zamani lilikohoa mlimani, sasa linazimika hata hapa sokoni, watoto wanalisukuma huku wanaimba.

Marcelo, fundi cherehani wa barazani kwangu, alinusa tangi akasema hii ina mafuta ya taa. Nikakumbuka wavuvi, nikakumbuka na jinsi kila kitu kinavyoghushiwa siku hizi. Mayala alipokuja Jumamosi na debe jipya nilimkuta barazani, watu wamejaa. Nikamwambia: "Mtoto wa ng'ombe wewe, unataka kuniulia mwanangu njiani kwa mafuta ya taa?" Debe lake nikamrudishia. Hakubisha. Alisema, "Haya, baba," akalifunga kwenye baiskeli, akarudi kwao Mwamapalala.

Mkewe nimembakiza hapa, karibu na gari. Mama yako anasema gari halina kosa, mwenye kosa ni mwenye gari. Siku hizi nyumba nzima imekuwa mafundi.

Baba yako,
Athumani

*

Tabora,
25 Mei 1982

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili.

Mimi Mayala namjua. Mtu aliyetoa mtamba kwa ajili ya mkewe hawezi kumtilia mafuta ya taa. Lakini maneno yangu hayatawasha gari, basi tupime. Tia tone la petroli kwenye karatasi nyeupe, ulizungushie penseli. Petroli safi itakauka isiache kitu. Ikiwa na mafuta ya taa au oili, itaacha doa la mafuta. Usinieleze umeona nini, nitumie karatasi yenyewe.

Na uniambie, unachuja kwa kitu gani?

Nakuomba, baba, mtume mtu Mwamapalala. Gari linaweza kungoja, mkwe aliyedhalilishwa hangoji.

Mwanao,
Salimu

*

Bariadi,
12 Juni 1982

Mwanangu Salimu,

Marahaba. Karatasi nyeupe ni hii hii, nyingine nitaitoa wapi? Tone la kutoka tangini nimelitia hapo chini, ndani ya duara la penseli. Macho yangu si ya kuamini tena, utaona mwenyewe.

Unaniuliza nachuja kwa kitu gani. Kwa pamba! Tena daraja la kwanza, ya shamba langu. Kitambaa kiko wapi, Salimu? Mama yako ana kanga moja, anaifua jioni aivae asubuhi. Pamba ndiyo hatujapungukiwa. Naishindilia kwenye mdomo wa faneli, namimina polepole, na kila debe natia mpya. Sijafanya uvivu hata kidogo.

Mtu wa kwenda Mwamapalala sijamtuma. Mimi ni baba mkwe, sifuati. Akijua kosa lake atakuja. Asumini anakaa mlangoni kutwa, ametazama njia ya Mwamapalala. Nimechoka, mwanangu. Kuna siku natamani hata nisingelipewa gari hili.

Baba yako,
Athumani

*

Tabora,
23 Juni 1982

Baba yangu,

Shikamoo. Nimelipeleka duara lako juani, nikalipeleka na kwa fundi mkuu. Halina kitu, baba. Karatasi imekauka nyeupe. Petroli ya Mayala ni safi kuliko hii tunayotumia sisi hapa.

Ugonjwa ni pamba. Kule mwanzo yalikuwa maji tu, na maji yaliondoka ulipoanza kulituliza debe. Kisha ukaleta ugonjwa mpya kwa mkono wako, na mimi ndiye niliyekutuma. Niliandika "chuja" nikaishia hapo, nikasahau naandikia nchi ya pamba. Pamba inaachia nyuzi. Nyuzi zinapita na petroli mpaka kwenye kabureta, zinaziba vile vitundu vidogo, injini inakosa mafuta inakohoa. Ulivyozidi kuchuja ndivyo ulivyozidi kuiziba.

Fungua kabureta, ile yenye umbo la bakuli, utaona skrubu juu yake. Toa vijiti vya shaba vyenye vitundu, vipulize kwa mdomo. Usichokoe kwa waya! Safisha na bomba la kutoka tangini. Kisha usichuje tena kwa chochote.

Na Mayala, baba, mwendee. Wala usingoje jibu langu.

Mwanao,
Salimu

*

Bariadi,
30 Julai 1982

Mwanangu Salimu,

Assalaam aleikum. Dada yako yu hai. Naanza na hilo nisikuweke roho juu.

Barua yako ilipofika nilifungua kabureta uani, mama yako ameshika sufuria. Nyuzi tulizotoa zingetosha utambi wa taa. Mama yako alizitazama, akanitazama. Afadhali angesema. Nikapuliza, nikafunga, nikawasha. Kenge akanguruma bila kukosa hata mpigo! Kwa furaha nikamzungusha mpaka kiwanda cha pamba na kurudi, ujinga mtupu, na pale mlangoni petroli ikaisha. Gari likawa zima na mafuta hakuna.

Nilipanda mkokoteni wa ng'ombe wa jirani Luhaga mpaka Mwamapalala. Nilimchukua na Marcelo, maana aliyemtukana mtu barazani haendi kumwomba radhi chumbani. Mayala alikuwa zizini. Akanisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba," akatoa kigoda, akaagiza maziwa. Nikamweleza yote, pamba na nyuzi, mbele ya wazee wake na mbele ya Marcelo. Nikasema nimekosa. Mayala akaingia ndani akatoka na debe lile lile, kamba yake ya baiskeli bado imefungwa.

"Utachuja, baba?" akauliza.

"Sichuji."

Tulirudi nalo Bariadi, tukamimina hivyo hivyo, tukashika njia ya Mwanza. Mama yako na Asumini nyuma, Mayala mbele na mimi. Uchungu ulimshika Asumini kabla ya Magu. Salimu, injini haikukohoa hata mara moja. Kila kilima nilikuwa naisikiliza badala ya kumsikiliza mwanangu anavyolia, Mungu anisamehe. Walimpasua Mwanza alasiri ile ile. Ni mtoto wa kike, mzima, sauti yake inafika getini. Daktari alisema tungekawia kidogo tu asingekuwa na la kufanya.

Siku ya kuruhusiwa nilisimamisha Kenge getini, nimempangusa, milango yote miwili wazi. Mayala akaja na lori la mbegu za pamba, dereva ni rafiki yake. "Asante, baba," akasema, "tutapanda mbele na dereva." Asumini akaniamkia, akambeba mtoto, akamfuata mumewe. Hawakupita nyumbani. Mama yako alilia kutoka Magu mpaka Dutwa, na mimi nilikuwa nikitazama barabara.

Toka siku hiyo Kenge yuko uani. Anawaka mara ya kwanza, petroli ya Mayala bado imo tangini, na kuku wanalala juu yake. Sikuwa na pa kwenda.

Jana Luhaga alileta ujumbe kutoka Mwamapalala: "Baba aje kumwona mjukuu wake. Lakini gari aliache."

Mama yako amefunga kanga yake katika mfuko ampelekee mtoto. Ile ile moja, atakaa na gauni la shambani. Yeye atafuata na mkokoteni Jumapili. Mimi siwezi kungoja Jumapili. Nimeazima baiskeli ya Luhaga, nimeizungusha uwanjani jioni hii, watoto wakanicheka kuliko walivyowahi kumcheka Kenge. Tangu ujana sijapanda. Mnyororo wake unaruka, Salimu, lakini usiniandikie dawa yake. Ukiruka nitashuka nisukume.

Baba yako,
Athumani